Hana Jino Hata Moja, Nimpeleke kwa Daktari wa Meno Kufanya Nini?

"Mwanangu ana miezi minane, hana jino hata moja. Daktari wa meno atatazama nini?"

Swali hili si la kuchekwa. Mama anayeishi Singe, kata ya mji wa Babati, amezoea kuona watu wakienda kwa daktari wa meno kwa sababu moja tu. Shavu limevimba, usiku hakukulalika, asubuhi mtu anapanda bodaboda kwenda hospitali, anarudi ameuma pamba. Kwa miaka mingi kazi kubwa ya vyumba vya meno katika hospitali zetu imekuwa kung'oa. Anayemjua daktari wa meno kwa koleo lake hawezi kuona sababu ya kumpelekea mtoto mwenye fizi tupu.

Jibu fupi ni kwamba safari ya kwanza ifanyike jino la kwanza linapotokeza, na mtoto asitimize mwaka mmoja kabla hajatazamwa. Ndivyo wanavyoshauri madaktari wa meno ya watoto katika nchi nyingi. Jibu refu ndilo sura hii, na ndani yake kuna sababu ambayo vitabu vya Ulaya havina haja ya kuitaja. Katika mitaa yetu, kinywa cha mtoto kisipotazamwa mapema na mtu aliyesomea, huenda kikatazamwa kwanza na mtu mwenye wembe.

Meno yapo, hujayaona tu

Mtoto hazaliwi bila meno. Meno ya utotoni, ambayo wengi tunayaita meno ya maziwa, huanza kujengeka mimba ikiwa na wiki sita hivi. Siku anapozaliwa, meno yote 20 yapo ndani ya taya, mengine yameanza kukomaa, mengine bado ni laini. Kuota ni kutokeza tu kwa kitu kilichokuwa kikitengenezwa kwa muda mrefu.

Kwa kawaida hutokeza kwa mpangilio huu:

- Meno mawili ya mbele chini: miezi 6 hadi 10.
- Meno mawili ya mbele juu: miezi 8 hadi 12.
- Yanayofuata pembeni mwa hayo: miezi 9 hadi 16.
- Magego ya kwanza: miezi 13 hadi 19.
- Chonge, yaani yale manne yenye ncha: miezi 16 hadi 23.
- Magego ya mwisho ya utotoni: miezi 23 hadi 33.

Ushike vizuri mstari wa chonge, maana tutauhitaji baada ya muda mfupi. Mingine usiifanye sheria. Mtoto wa jirani akiota jino akiwa na miezi mitano na wako akafika kumi na moja, hakuna aliyeshinda. Na mtoto akianza kuota ya juu kabla ya ya chini, si kigego, wala hana mkosi wowote. Mpangilio wake umepishana kidogo, basi. Akizaliwa na jino tayari, muuguzi wa wodi ya wazazi alione kabla hamjaruhusiwa kurudi nyumbani. Wakati mwingine jino hilo hulegea, na likilegea sana linaweza kumpalia.

Wapo watakaosema meno ya utotoni hayana thamani kwa kuwa yatang'oka. Yatang'oka, lakini magego ya utotoni hukaa mpaka mtoto afikishe miaka kumi au kumi na miwili. Jino lililotoboka akiwa na miaka miwili litamsumbua mpaka anakaribia kumaliza darasa la saba.

Anayetazama kabla ya daktari

Tuseme mtoto ana miezi mitano au sita. Ana joto, anaharisha, hataki kunyonya. Nyumbani yupo bibi yake.

"Shikamoo mama. Mtoto hajalala tangu jana."

"Marahaba, mwanangu. Hebu mlete nimwone." Bibi anamfungua mdomo, anapitisha kidole juu ya ufizi. "Umeona hapa palivyovimba, peupe? Haya ni meno ya nailoni. Hospitali hawayajui haya. Tumpeleke kwa yule mzee ayatoe."

Meno ya nailoni, wengine husema meno ya plastiki, yameripotiwa na madaktari nchini tangu miaka ya 1980, na imani hiyo imeenea mikoa mingi. Waganda wa magharibi wana yao, huiita ebiino, na Sudan na Ethiopia nako ipo. Mganga hupasua ufizi kwa wembe, kisu au hata spoki ya baiskeli iliyochongwa, akatoa kitu kidogo cheupe, laini, akamwonyesha mama. Mama anakishika kwa mkono wake. Kweli kinabonyea. Kweli kinafanana na plastiki.

Kitu hicho ni chonge ya utotoni ambayo haijakomaa. Kila mtoto anazo nne. Katika umri wa miezi mitano ni laini kwa sababu bado miezi kumi na zaidi kabla ya kutokeza, na ufizi hapo huonekana umetuna na mweupe kidogo kwa sababu chini yake kuna jino linalokua. Ukimpasua mtoto mwenye afya tele wa jirani, utakikuta kitu hichohicho.

Basi mbona watoto wengine hupona baada ya kutolewa? Kwa sababu kuharisha kwingi kwa watoto huisha kwenyewe baada ya siku kadhaa, na mara nyingi watu hufika kwa mganga siku ya tatu au ya nne. Mganga anapata sifa ya kazi iliyofanywa na mwili wa mtoto. Wale ambao hawakupona hawahesabiwi, huambiwa walichelewa.

Madhara yenyewe ni mazito. Mtoto wa miezi mitano ana damu kidogo, hivyo anayoipoteza si ya kupuuzwa. Kifaa kilichotumika kwa mtoto mmoja kikaenda kwa mwingine kinaweza kupitisha virusi vya UKIMWI, homa ya ini au vimelea vya pepopunda. Na nyuma ya chonge ya utotoni, karibu sana, kuna mbegu ya chonge ya kudumu. Ncha ya spoki haijui kutofautisha. Mtoto akifika miaka kumi au kumi na miwili, chonge yake inaweza kutoka imepinda, imeharibika umbo, au isitoke kabisa, na wakati huo hakuna anayekumbuka kilichotokea akiwa mchanga.

Sipendi namna baadhi ya vipeperushi vinavyomsimanga bibi katika jambo hili. Bibi huyu aliona watoto wakifa kwa kuharisha, na alipouliza sababu, aliyempa jibu la kueleweka alikuwa mganga. Hatabadilika kwa kuambiwa ni mshamba. Atabadilika akienda mwenyewe kliniki na mjukuu wake, akaonyeshwa chonge ziko wapi na zitatoka lini. Ndiyo maana nashauri safari ya kwanza ya meno iwe ya watu watatu: mama, mtoto na bibi. Baba akiwepo ni vizuri zaidi, kwa sababu katika nyumba nyingi ndiye mwenye nauli na ndiye mwenye neno la mwisho.

Je, kuota meno huleta homa?

Huleta udenda mwingi, kung'ata kila kitu, usumbufu usiku, pengine joto la mwili kupanda kidogo sana. Homa kali na kuharisha havitokani na jino.

Ila vinakuja wakati mmoja, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Kuanzia mwezi wa sita mtoto anaanza kula uji, na uji unaandaliwa kwa maji, kikombe na kijiko ambavyo si safi kama titi. Anatambaa, anaokota, anatia mdomoni. Kinga aliyopewa na mama yake tumboni imepungua. Malaria nayo haisubiri jino limalize kutoka. Mtoto mwenye joto kali hupelekwa zahanati apimwe, na anayeharisha hupewa maji ya ORS na vidonge vya zinki huku akiendelea kunyonya. Kinachomuua mtoto anayeharisha ni kukaukiwa maji mwilini, na siku anayoimaliza kwa mganga ni siku ambayo hakurudishiwa maji.

Kwa ufupi: chonge laini chini ya ufizi ni hali ya kawaida ya kila mtoto. Homa na kuharisha ni magonjwa yenye dawa zake. Kukutana kwao katika umri mmoja hakumaanishi kimoja kimezaa kingine.

Maji ya kwetu

Kuna jambo jingine ambalo mzazi wa Babati ana haki ya kulijua kabla mtoto hajafikisha mwaka. Mkoa wa Manyara uko katika Bonde la Ufa, na maji ya sehemu nyingi za bonde hili yana floraidi nyingi. Floraidi ni madini yanayopatikana kwenye miamba. Kidogo huimarisha meno; nyingi, kwa mtoto ambaye meno yake ya kudumu yanajengeka, huyaachia madoa meupe, ya njano au ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Miamba ya fosfeti ya Minjingu, inakochimbwa mbolea, nayo ina madini haya. Lakini visima havifanani. Kimoja kinaweza kuwa salama, na cha mtaa wa pili kikazidi mara kadhaa.

Watu wengi hawajui kwamba meno ya mbele ya juu ambayo mtoto atayaonyesha akiwa darasa la kwanza au la pili hujengeka katika miaka yake mitatu minne ya mwanzo. Ukiyaona ya kahawia akiwa na miaka minane, maji yaliyoyachafua aliyanywa alipokuwa akijifunza kutembea. Kwa hiyo wakati wa kuuliza kuhusu maji ni sasa, akiwa hana hata jino moja.

Maziwa ya mama hayana shida hiyo. Floraidi hupita kidogo mno kwenye maziwa, hata mama akiwa anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Hii ni sababu nyingine ya kumnyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine mpaka miezi sita itimie. Baada ya hapo, kama una tangi la kukingia maji ya mvua, hayo ndiyo ya uji wake. Kuchemsha huua vimelea, na endelea kuchemsha, lakini floraidi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki imekolea zaidi. Na magadi tunayotia kwenye makande au mlenda ili viive haraka yanaweza kuwa na floraidi nyingi kuliko maji yenyewe. Chakula cha mtoto kipikwe bila magadi. Makande yatachelewa kuiva, ndiyo, lakini mtoto wa miezi tisa bado hali makande.

Maandalizi yanaanza nyumbani

Mtoto wa miezi minane haelewi ukimweleza kuhusu daktari. Anachokielewa ni mkono. Akizoea mkono wa mama kinywani mwake, mkono wa daktari hautakuwa jambo geni sana.

Anza kabla meno hayajatoka. Kila jioni baada ya kumwogesha, nawa mikono, funga kitambaa safi kilicholowa kwenye kidole cha shahada, umfute fizi za juu na za chini. Dakika moja inatosha. Imba kama unaimba. Siku nyingine inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, utazame, uachie. Akicheka, cheka naye. Muda si mrefu ataanza kuachama mwenyewe akikiona kitambaa, au atakung'ata. Yote mawili ni maendeleo.

Jino likitokeza, kitambaa kinampisha mswaki mdogo laini wa mtoto, mara mbili kwa siku. Dawa ya meno yenye floraidi ipakwe kiasi cha punje moja ya mchele, si ule mstari mrefu unaouona kwenye matangazo ya televisheni. Hapo mzazi wa Manyara atauliza, na ana haki: tumeogopa floraidi kwenye maji, mbona tunaipaka kwenye meno? Kwa sababu ya kipimo. Ya kwenye mswaki hugusa jino kwa nje na kulikinga, na kwa kiasi hicho hata akiimeza ni kidogo. Ya kwenye maji huingia mwilini kutwa nzima, kila siku. Kama unajua maji yenu yana floraidi nyingi, mweleze daktari akushauri kuhusu dawa ya meno.

Kuna mazoea mengine ya kupunguza kabla ya siku ya safari. Sukari kwenye uji haimsaidii mtoto kukua. Juisi au chai ya sukari kwenye chupa ya kunyonyea, hasa akilala nayo, huyaozesha meno ya mbele ya juu kwa haraka inayoshangaza. Dawa za maji za kikohozi nyingi zina sukari, kwa hiyo akishapewa usiku mfute meno. Usimtafunie chakula wala kulamba kijiko chake, kwa sababu vijidudu vinavyotoboa meno huhamia kwake kutoka kinywani mwa mtu mzima. Mama mwenye meno yaliyotoboka anafanya vizuri akiyatibu mapema, hata akiwa mjamzito.

Na ile kauli ya "ukilia nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano" iondoke nyumbani kabisa. Mtoto wa miezi tisa haielewi, lakini kaka yake wa miaka minne anaielewa vizuri sana, na mdogo hujifunza woga kwa kutazama uso wa mkubwa.

Kwa nani, na lini

Mtoto wa Tanzania hupata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9. Siku hiyo mama yuko kliniki hata hivyo, na kadi iko mkononi. Mwombe muuguzi amtazame mtoto kinywa na akuelekeze chumba cha kinywa na meno kilicho karibu. Babati mjini kuna hospitali ya mji, Mrara, na kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Utakayemkuta huko anaweza kuwa daktari wa meno, yaani aliyesomea chuo kikuu, au tabibu wa meno, mwenye stashahada. Kwa safari ya kwanza yeyote kati ya hao anatosha.

Uliza kwanza ni siku gani au saa ngapi foleni huwa fupi. Asubuhi ya mapema benchi la chumba cha meno huwa limejaa watu wenye maumivu, na si mahali pazuri pa mtoto kukaa saa mbili akisikiliza. Kwa sera ya serikali, watoto walio chini ya miaka mitano hupata matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Hata hivyo ulizia mapokezi mapema ili usije ukashangazwa dirishani. Na usiunganishe safari ya mtoto na ya kwako ya kung'oa jino.

Beba vitu hivi:

- Kadi ya kliniki.
- Dawa anazotumia, chupa zenyewe, hata zilizobaki nusu.
- Jina la chanzo cha maji ya nyumbani: bomba, kisima gani, au mvua.
- Kanga anayolalia.

Mnyonyeshe saa moja hivi kabla ya kuingia, si mlangoni, maana mtoto aliyeshiba sasa hivi akilazwa chali hutapika.

Ndani ya chumba

Hakuna kiti kikubwa. Daktari aliyezoea watoto atavuta kiti chake akae mkabala nawe, magoti yenu yagusane. Unampakata mtoto akikutazama wewe, miguu yake ikizunguka kiuno chako, kisha unamlaza taratibu kichwa kiangukie mapajani mwa daktari. Wewe unashika mikono, na mtoto anaona uso wako muda wote. Daktari anainua mdomo wa juu, anapitisha kidole kwenye fizi, anatazama ulimi, kaakaa na meno kama yapo. Anatafuta hasa mistari myeupe kwenye meno ya juu, pale yanapokutana na ufizi. Hiyo ni dalili ya kwanza ya kuoza, na ikiwahiwa jino hupakwa dawa na kupona bila kutobolewa. Kazi yote huisha ndani ya dakika chache. Akilia, si kosa la mtu; mtoto anayelia ameachama.

Kama daktari haijui namna hiyo ya kupakata, mwombe mjaribu. Na kama mtu yeyote ndani ya chumba hicho ataanza kuzungumzia kung'oa jino la mtoto asiye na maumivu, muulize sababu mpaka uelewe, ama sivyo rudi kesho kwa mwingine.

Sehemu kubwa ya muda ni mazungumzo. Uliza haya: Chonge zake ziko wapi? Maji yetu unayafahamu? Dawa ya meno kiasi gani? Usiku aendelee kunyonya? (Aendelee, mpaka miaka miwili na zaidi, ila akishaota meno yafutwe au yapigwe mswaki kabla ya kulala.) Bibi naye apewe nafasi ya kuuliza, hata kama swali lake litamkera mtaalamu.

Kabla ya kuondoka, mwombe aandike kwenye kadi tarehe ya kurudi. Mara nyingi ni baada ya miezi sita. Ikikupasa kuchagua siku moja kwa sababu ya nauli, chagua ile ya chanjo ya pili ya surua, mtoto akiwa na miezi 18. Chonge huanza kutokeza karibu na umri huo, na bibi anaweza kuja kuzitazama mwenyewe.